Mapumziko 1-0: hesabu ya mchezo usiokwisha, toka Venezia 1494 mpaka tiketi zetu



Mwaka huu wadogo watatu wa kitivo chetu waliniuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake: «Yaya, weye njo ulisomaka mambo ya statistike. Ile pari ya mi-temps na mwisho wa mechi, hakuna namna ya kuijua mbele?» Wote watatu niliwajibu mbiombio kwamba hakuna, nikaenda zangu. Jibu lile halikuwa la haki, kwa sababu mimi mwenyewe niliicheza ile pari msimu mzima wa mvua, na ilinila feza ambayo haikuwa yangu peke yangu. Leo nataka kuwapa jibu kamili. Nitapitia historia, kwa kuwa swali lenyewe ni la zamani kuliko mpira wa miguu tunaoujua: lina miaka zaidi ya 500.

1. Tiketi yenye majibu tisa

Kwa wasiocheza, nieleze kwanza. Pari ya kawaida iko na majibu matatu: 1 (mwenyeji anashinda), X (sare), 2 (mgeni anashinda). Pari ya mapumziko na mwisho inakuomba majibu mawili kwenye tiketi moja: nani anaongoza kwenye mapumziko, na nani anaongoza mwamuzi akipuliza ya mwisho. Matatu mara matatu ni tisa: 1/1, 1/X, 1/2, X/1, X/X, X/2, 2/1, 2/X, 2/2. Ukikosa moja ya hayo mawili, tiketi imekufa.

Koti (si lile la kuvaa, ni ile namba wanayokulipa kwa kila franka) inapanda sana kwenye 1/2 na 2/1, yaani timu inayoongoza kwenye mapumziko halafu inapigwa. Pale unaona 25, 28, 30. Pale ndipo macho ya kijana asiye na kazi yanabaki. Yangu yalibaki pale.

Jambo moja ambalo wengi wanalijua kwa kulia: hesabu inafungwa kwa dakika 90 na zile za nyongeza za mwamuzi. Muda wa ziada na penalti havihesabiwi. Tarehe 25 Mei 2005 kule Istanbul, Milan iliongoza Liverpool 3-0 kwenye mapumziko, Liverpool ikarudisha zote tatu, ikachukua kombe kwa penalti. Dunia nzima inasema Liverpool ilipindua. Kwenye tiketi ile mechi ni 1/X. Aliyeandika 1/2 alishangilia kombe na kupoteza feza usiku mmoja.

2. Mtawa wa Venezia na mpira ambao haukwisha

Mwaka 1494 mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, alichapisha Venezia kitabu kikubwa cha hesabu. Wenzetu wa uchumi wanamjua, ni yeye aliyeandika juu ya uhasibu wa kuandika mara mbili. Ndani ya kitabu kile kuna swali juu ya mchezo wa mpira. Makundi mawili yanacheza, anayefika pointi 60 wa kwanza anashinda, kila mchezo una pointi 10, na dau ni dukati 10. Kikatokea kizuizi, mchezo hauwezi kuendelea. Kundi moja lina 50, lingine lina 20. Dau ligawanywe namna gani?

Ukilitazama vizuri, hili ni swali la mapumziko. Mchezo uko katikati, mmoja anaongoza, na sisi tunatafuta bei ya hali hiyo.

Pacioli akajibu kama mfanyabiashara mwaminifu: gawanya kwa kadiri ya pointi walizokwisha kupata, 5 kwa 2. Basi anayeongoza achukue dukati 7 na kidogo, mwingine achukue karibu 3. Inaonekana haki, sivyo? Hata leo, ukisimamisha watu kumi mbele ya duka la pari, naamini nusu watajibu vile.

Niccolò Tartaglia, mwaka 1556, alionyesha ubovu wake kwa mfano mdogo. Tuseme mchezo umesimama baada ya raundi moja tu: huyu ana 10, yule ana 0. Kwa kanuni ya Pacioli, wa kwanza achukue dau lote, na huku bado kubaki pointi 50. Mtu hawezi kushinda vita kwa risasi moja. Tartaglia aliona kosa lakini hakupata dawa yake.

3. Barua za mwaka 1654

Dawa ilikuja Ufaransa, kwa barua. Mtu wa starehe, Antoine Gombaud, aliyejulikana kama Chevalier de Méré, alimpelekea Blaise Pascal maswali ya michezo ya bahati. Pascal, aliyekuwa Paris, akaandikiana mwaka 1654 na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse. Wengi wanahesabu barua zile kuwa mwanzo wa somo la uwezekano, lile lile lililotutoa jasho mwaka wa pili.

Mfano wa Pascal, katika barua ya Julai 1654, ni huu. Wachezaji wawili wenye nguvu sawa, kila mmoja ameweka pistole 32, jumla 64. Anayeshinda michezo mitatu anachukua zote. Mmoja ameshinda miwili, mwingine mmoja, na wanataka kuacha. Pascal hatazami nyuma hata kidogo. Anauliza: mchezo unaofuata ungetoa nini? Kama anayeongoza angeshinda, angechukua 64. Kama angepoteza, wangekuwa 2-2, kila mmoja 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote, na zile 32 nyingine ni nusu kwa nusu. Apewe 48, mwenzake 16.

Sasa turudi kwa yule mtawa na mpira wake wa 50 kwa 20, tukidhani makundi yana nguvu sawa. Anayeongoza amebakiza raundi moja. Mwingine amebakiza nne, na lazima ashinde zote nne mfululizo: nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani mara 1 katika 16. Haki si 5 kwa 2. Ni 15 kwa 1.

Jambo zima la insha hii liko hapa. Pacioli alihesabu yaliyopita. Pascal na Fermat walihesabu yaliyobaki, kwa sababu ndiyo tu yanayoweza kubadilika. Mabao ya kipindi cha kwanza yana maana moja: yanakuambia unahitaji ngapi zaidi. Hayakupi deni, hayakupi haki, hayasemi «sasa ni zamu yetu».

Angalia pia neno letu. Sisi tunasema pari kwa sababu Wafaransa na Wabelgiji walisema pari. Pascal huyo huyo aliliacha neno hilo katika falsafa, pale alipoandika juu ya kuamini Mungu kama dau ambalo kila mtu ameshaliweka, apende asipende.

4. Mateke ya farasi na seli za hamira

Ila mpira wa miguu si kurusha sarafu. Mabao yanakuja machache na hayana saa. Ili kuyahesabu ilihitajika chombo kingine, na chombo hicho sisi wa kilimo tunacho mikononi tangu zamani.

Mwaka 1837 Siméon Denis Poisson alitoa kanuni inayobeba jina lake. Inahesabu matukio ya nadra ambayo yanaweza kutokea wakati wowote. Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz aliijaribu kwenye kitu cha ajabu: askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika hesabu za vikosi 10 kwa miaka 20, yaani mistari 200, alikuta vifo 122. Wastani: 0,61 kwa kikosi kwa mwaka. Mistari isiyo na kifo hata kimoja ilikuwa 109 katika 200. Kanuni ya Poisson inasema ingekuwa karibu 109. Farasi hawakusoma kanuni, lakini waliitii.

Kisha mwaka 1907 kijana mmoja wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, William Sealy Gosset, alitumia hesabu ya namna hiyo kuhesabu seli za hamira chini ya hadubini. Mwaka uliofuata alichapisha kazi nyingine akijiita Student. Ndiyo, yule Student wa jaribio la t ambalo kila mmoja wetu aliliweka kwenye memwari yake ili ajüri wasimuulize mengi. Alikuwa mtu wa shayiri na bia. Ni ndugu yetu wa kazi.

Sasa njoo uwanjani. Chukua timu ya kawaida inayofunga wastani wa bao 0,6 kipindi cha kwanza. Ni karibu sawa kabisa na ule wastani wa farasi. Maana yake, katika mechi 100, mara 55 hivi timu ile itakwenda mapumziko bila bao. Mwaka 1982 mtaalamu wa takwimu M. J. Maher alichapisha kazi juu ya mabao ya ligi ya Uingereza kwa kanuni hii, na mwaka 1997 Mark Dixon na Stuart Coles wakaitengeneza zaidi, wakilenga wazi soko la pari. Kwa hiyo mtu anayedhani duka la pari linapanga koti kwa kubahatisha, ajue hesabu hizi zimeshachapishwa, na duka linazo.

5. Tisa mbele ya daftari

Nilifanya hesabu hii usiku mmoja, kwa simu na kalamu. Timu mbili zenye nguvu sawa. Kila moja 0,6 kipindi cha kwanza na 0,7 kipindi cha pili, kwa sababu kipindi cha pili kwa kawaida kinazaa mabao zaidi. Katika mechi 100 za namna hiyo, hesabu inatoa:

1/1: mara 22
2/2: mara 22
X/X: mara 16
X/1: mara 13
X/2: mara 13
1/X: mara 5
2/X: mara 5
1/2: mara 2
2/1: mara 2

Tazama mistari miwili ya mwisho. Kupinduliwa kabisa, kwa upande mmoja, ni mara 2 katika 100. Sababu yake ni ya Pascal. Tuseme unataka 2/1. Kwanza mgeni aongoze kwenye mapumziko, na mara nyingi anaongoza kwa bao moja tu: mara 22 hivi katika 100. Halafu mwenyeji ashinde kipindi cha pili kwa mabao mawili au zaidi, kwa sababu moja peke yake inaleta sare. Hilo linatokea mara 9 katika 100. Ishirini na mbili mara 0,09 ni karibu 2. Mgeni akiongoza kwa mawili au matatu, kinachobaki ni makombo.

Najua mtasema timu si sawa siku zote, kuna kadi nyekundu, kuna kipa aliyelala vibaya. Ni kweli. Timu kali nyumbani inabadilisha namba, 1/1 inapanda, 2/2 inashuka. Lakini umbo linabaki: anayeongoza kwenye mapumziko kwa kawaida anamaliza akiongoza, na mpindo kamili unakaa chini kabisa ya orodha.

Sasa bei. Tuseme duka limeandika koti hizi: 3,80 kwa 1/1 na 2/2, 5 kwa X/X, 6,50 kwa X/1 na X/2, 15 kwa 1/X na 2/X, 30 kwa 1/2 na 2/1. Chukua 1, gawanya kwa kila koti, jumlisha zote tisa. Unapata karibu 1,23. Kama duka lingekuwa halichukui kitu, ungepata 1 kamili. Kile kinachozidi ni mshahara wa duka. Fanyeni wenyewe kwa tiketi yoyote. Ni dakika tatu.

Na mshahara ule hautolewi sawa kwa wote. Ukicheza 1/1 mara 100 kwa franka moja, unarudishiwa karibu 84. Ukicheza 2/1 mara 100 kwa koti 30, unarudishiwa karibu 60. Koti inayong'aa kuliko zote ndiyo iliyokatwa zaidi. Hili nalo si jipya: mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Griffith, alionyesha kwenye mbio za farasi kwamba watu wanawathamini mno farasi wasio na nafasi, na bei zao zinakuwa mbaya kuliko za farasi wanaopendwa. Anayeuza anajua kwamba mnunuzi wa ndoto haulizi bei.

6. Wauzaji wa tiketi hawakucheza

Historia ya upande ule mwingine wa kaunta ni fupi na inafundisha. Katika miaka ya 1860 kule Paris, Joseph Oller, mzaliwa wa Catalonia, alianzisha pari mutuel ya farasi: feza zote zinawekwa pamoja, mwenye kazi anatoa sehemu yake kwanza, washindi wanagawana kinachobaki. Sheria ya Ufaransa iliikubali mwaka 1891. Mwenye kazi hahitaji kujua farasi gani atashinda. Yeye anahitaji watu wengi tu.

Mwaka 1923 John Moores na rafiki zake wawili walifanya vile kwa mpira wa miguu huko Uingereza, kwa jina la Littlewoods. Walichapisha karatasi 4000, wakazigawa mbele ya uwanja wa Old Trafford. Zilirudi 35 tu. Wenzake wakachoka, Moores akawarudishia kila mmoja pauni 200 zake, akabaki peke yake. Alikufa mwaka 1993 akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi ile. Hakutajirika kwa kutabiri mechi.

Halafu Januari 1963, baridi kali iligandisha viwanja vya Uingereza, mechi zikaahirishwa wiki baada ya wiki, na karatasi za watu hazikuwa na majibu. Kampuni zile zikafanya nini? Tarehe 26 Januari ziliweka jopo la wachezaji wa zamani na mwamuzi mmoja, wakiongozwa na bwana mkubwa wa bunge la juu, wakafunga mlango na kuamua mechi ambazo hazikuchezwa zingeishaje. Ni swali la Pacioli tena: mchezo umezuiliwa, dau liko mezani. Safari hii walilijibu kwa maoni ya wazee. Biashara haikusimama.

7. Mechi zetu na kumbukumbu zetu

Sasa mtauliza: kama mpindo ni mara 2 katika 100, kwa nini kichwani mwetu umejaa?

Kwa sababu kumbukumbu haiweki mechi zote. Mchukue robo fainali ya Kombe la Afrika, Bata, tarehe 31 Januari 2015. Kongo ya Brazzaville inaongoza 2-0, Leopards wanarudi, Mbokani, Bokila, Kimwaki, Mbokani tena: 4-2. Pale kwetu Kenya watu walikimbia barabarani na sufuria. Hakuna mechi ya kupindua tunayoipenda kuliko ile. Lakini kwenye mapumziko ilikuwa 0-0. Mabao yote sita yalikuja kipindi cha pili. Brazzaville iliandikwa mbele, basi tiketi ni X/2, moja ya majibu ya kawaida kabisa. Nilikuwa nikiitaja ile mechi kama ushahidi wa 1/2. Sikuwa nimeangalia.

Au Mazembe wetu, Abu Dhabi, tarehe 14 Desemba 2010, nusu fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Internacional ya Brazil, 2-0, Kabangu na Kaluyituka, Kidiaba anaruka kwa matako. Muujiza, ndiyo. Kwenye mapumziko 0-0, basi X/1. Siku nne baadaye, fainali na Inter ya Milano: mabao mawili ya haraka kipindi cha kwanza, yakaisha 3-0. Aliyekuwa mbele alibaki mbele. Hiyo fainali hatuisimulii sana, ingawa ndiyo inayofanana na mechi nyingi.

8. Urea

Nimefika kwenye lile nililosema mwanzo.

Tulikuwa watatu: dada mmoja wa promosyo yangu, mdogo mmoja aliyetufuata kwa mwaka mmoja, na mimi. Tulipata nusu hekta ya kukodi njia ya Kasenga, tukapanda mahindi mwisho wa Novemba. NPK tulikuwa tumeshanunua. Feza ya urea, ya kuweka mahindi yakifika magotini, ilikaa kwangu. Franka 150 000, na wakati ule dola moja ilikuwa karibu 2000. Walinipa mimi kwa sababu nilikuwa mkubwa wao, na nilikuwa na kaye yenye mistari mizuri.

Nilianza na 5000 zangu mwenyewe, kila mara 1/2 au 2/1. Tiketi ya sita ilikula: koti 28, franka 140 000. Nikatoa nilizoweka, nikabaki mbele kwa 110 000. Siku ile nilijiona kuwa nimegundua kitu. Nikasema mahindi haya yatakuwa na urea, na pampu juu yake.

Kisha tiketi 52 zilikufa zote. Nilikuwa naziandika kwenye kaye ile ile ya shamba, ukurasa wa nyuma. Ile faida ilikwisha karibu na mwaka mpya. Baada ya pale nilikuwa nakula feza ya urea, na kila jioni nilijiambia kitu kimoja: nimeshapoteza nyingi, sasa lazima irudi. Huyu alikuwa Pacioli anasema ndani yangu. Nilikuwa nahesabu pointi zilizopita kana kwamba zinanidai. Tiketi mpya haijui hata kidogo kwamba za nyuma zilikufa. Kwake daima ni 0-0 na dakika 90 zimebaki.

Tiketi 58, moja ilikula. Mara 2 katika 100, kwa 58, ni kama moja. Sikuwa na bahati mbaya. Nilipata kile hesabu ilichosema nitapata, na hesabu nilikuwa nimeifundishwa, nikapata hata alama 14 katika 20.

Mdogo ndiye aliyeuliza kwanza, tukiwa shambani, Januari: «Yaya, urea iko wapi? Mahindi inaanza kukuwa manjano ku majani ya chini.» Nilidanganya wiki moja, nikasema muuzaji hajaleta. Wiki ya pili niliwaambia ukweli, tumeketi kwenye kivuli cha mwembe wa jirani. Mdogo alinyamaza, akatazama chini. Alikuwa ameuza simu yake ili atoe sehemu yake. Yule dada alikasirika, akasema maneno ambayo nilistahili na sitayaandika. Halafu akavuta pumzi, akauliza: «Basi. Ile yenye ilishakwenda, ilishakwenda. Sasa tuko na nini?»

Hajasoma barua za 1654. Lakini lile lilikuwa swali la Pascal neno kwa neno.

Tulihesabu. Tulikuwa na mikono sita, toroli la kuazima, na mfugaji wa kuku barabara ya pili aliyekuwa na rundo la mbolea alilotaka kuliondoa. Tulisomba siku tatu. Ilitosha karibu nusu ya shamba, na ilikuwa imechelewa, kwa sababu mahindi hayangoji mtu ajute. Wakati wa kuvuna, upande wa mbolea ya kuku ulitoa magunzi ya kueleweka, upande mwingine ulitoa vigunzi vya kuchoma jioni moja. Sikuchukua gunia hata moja. Sehemu yangu waligawana wao wawili, na bado haikufika kile nilichopoteza. Nilimaliza kulipa mwaka uliofuata, kidogo kidogo, kwa kazi ya kupima mashamba ya watu.

Kwa hiyo wadogo zangu watatu, jibu langu ni hili. Namna ya kujua ipo, na nimewaonyesha: inaitwa Poisson, na inakuambia mpindo unakuja mara 2 katika 100 na unalipwa kama ungekuja mara 3 au zaidi. Ukiijua vizuri, unaona kwamba kununua tiketi ile kila wiki ni kumlipa mtu mwingine mshahara. Anayetaka kucheza franka zake za bia Jumamosi, ni mambo yake, sikatai raha ya mtu.

Lakini kama leo uko katikati, umeshapoteza, na mkononi una feza ya wengine, iwe ya kirimba, ya karo ya mdogo wako, ya mbegu, simama pale kama ni mapumziko. Usiulize umepoteza ngapi. Uliza nini kimebaki, nenda kawaambie wenye feza leo, kabla majani ya chini hayajaanza kuwa manjano. Mimi nilichelewa wiki mbili, na wiki zile mbili zilitugharimu zaidi kuliko tiketi kumi za mwisho.

Msimu huu tumerudi njia ya Kasenga, sisi watatu tena. Feza ya urea anaishika yule dada.